Klabu Isiyokufa Mwalimu Akihamishwa: Mwongozo kwa Walezi wa Klabu za Sekondari Mbulu na Hanang

Umeripoti shuleni mwezi Januari, hujamaliza hata kupanga vyombo nyumbani, na mkuu wa shule amekuita ofisini. "Mwalimu, klabu ya mazingira tumekupa wewe." Ingeweza kuwa mdahalo, skauti, Fema au riadha, utaratibu ni uleule. Unauliza wanachama wako wapi, unaonyeshwa karatasi iliyobandikwa ukutani yenye majina ya walezi wa mwaka juzi.

Mimi nilianza hivyohivyo. Katika kabati la ofisi ya walimu nilikuta kaunta buku ya klabu niliyokabidhiwa. Kurasa nne za mwanzo zilijaa majina ya wanachama, yameandikwa kwa mwandiko mzuri na kupigiwa mistari kwa rula. Ukurasa wa tano ulikuwa na kichwa, "Mkutano wa pili", na chini yake hapakuwa na neno. Nyuma ya maktaba nilikuta viriba vya miche vimepangwa safu kwa safu, udongo umekauka ukawa kama tofali, na katika kila kiriba kijiti kimoja kikavu. Nilipouliza, nikaambiwa mlezi alihamishwa mwezi Aprili. Hakuna aliyekosea. Klabu ilikuwa ya mwalimu. Mwalimu alipoondoka, iliondoka naye.

Tangu siku hiyo naamini kwamba klabu za shule zetu haziuawi na ukosefu wa fedha kama tunavyosema vikaoni. Zinauawa na kuwa mali ya mtu mmoja. Kwa hiyo kila ushauri utakaousoma hapa una lengo moja: siku barua yako ya uhamisho itakapofika, mkutano wa wiki inayofuata ufanyike kama kawaida.

1. Ijue kwanza siku ya mwanafunzi wako

Usiitishe mkutano wiki ya kwanza. Pita madarasani na daftari, uliza maswali matatu: unatoka kijiji gani, unatembea muda gani kufika shule, na jioni nyumbani una kazi gani. Shule nyingi za kata ni za kutwa, na wilaya hizi mbili zina vijiji vilivyotawanyika, kuanzia miteremko ya Kainam hadi mbuga za Basotu na bonde la Yaeda. Utakuta mwanafunzi anayetembea zaidi ya saa moja kwenda na saa nyingine kurudi. Akifika nyumbani, mifugo inamsubiri airudishe zizini, au kuna ndoo ya maji ya kufuata kisimani. Ukipanga klabu ikutane saa kumi na moja jioni, umekwisha kuchagua wanachama bila kujua: watakuja wanaoishi jirani na shule, na wavulana kuliko wasichana.

Dawa yake ni kuingiza klabu ndani ya saa za shule. Shule nyingi hutenga alasiri moja ya wiki kwa michezo na klabu. Nenda kwa mwalimu wa taaluma umwombe dakika 60 za siku hiyo, ziandikwe kwenye ratiba kuu iliyo ukutani, zisibaki kuwa makubaliano ya mdomo. Kilichoandikwa kwenye ratiba hata mwalimu mgeni atakikuta. Kama shule yako ni ya bweni, Jumamosi asubuhi baada ya usafi hufaa zaidi kuliko jioni, kwa sababu prepo haiguswi.

Kalenda nayo ina mambo yake. Wakati wa palizi na wa mavuno mahudhurio yatashuka; usimwadhibu mtoto kwa kwenda shambani na wazazi wake, ila mwekee kazi atakayoikuta akirudi. Kidato cha nne wana mtihani wa taifa mwezi Novemba, na kidato cha pili wana upimaji wao karibu na wakati huohuo. Viongozi wa kidato cha nne wakabidhi madaraka ifikapo mwisho wa Julai. Ukilizingatia hilo, mzazi anayeogopa kwamba klabu itamfelisha mwanawe utamjibu kwa ratiba, naye ataielewa.

2. Chagua klabu moja, uipatie mwenyeji nje ya shule

Shule yenye klabu kumi na mbili kwenye karatasi mara nyingi ina moja au mbili zilizo hai. Ni heri iwe na tatu zinazokutana kila wiki. Ukichagua, tafuta kama kuna taasisi inayosimamia aina hiyo ya klabu, kwa sababu taasisi haihamishwi kama mwalimu.

Klabu za Malihai zilianzishwa mwaka 1980 na makao yake yako Arusha. Zinahusu wanyamapori na mazingira. Roots & Shoots ilianza Dar es Salaam mwaka 1991, pale Jane Goodall alipokutana na wanafunzi 12 waliotaka kufanya jambo juu ya mazingira yao, na leo iko katika nchi nyingi duniani. Skauti na Girl Guides zina makamishna wa wilaya. Klabu za wapinga rushwa husaidiwa na TAKUKURU. Fema huzileta pamoja elimu ya afya, stadi za maisha na ujasiriamali kupitia jarida ambalo wanafunzi hulisoma hadi likachakaa. Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza. Wanaopenda sayansi wana mashindano ya Young Scientists Tanzania, ambako mwanafunzi wa shule ya kata hupeleka utafiti wake mwenyewe. Vikundi vya dini kama UKWATA na TYCS vina miundo yao tayari na havihitaji kuanzishwa upya.

Andika barua moja kupitia kwa mkuu wa shule, jitambulisheni, ombeni kusajiliwa na kutembelewa. Hata kama jibu litachelewa, nakala ya barua hiyo ibandikwe kwenye daftari la klabu. Atakayekuja baada yako atajua pa kuanzia kufuatilia.

3. Daftari, na watu watatu wa kulishika

Nunua kaunta buku moja yenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza uandikwe jina la klabu, mwaka wa kuanza, na sentensi moja inayosema klabu inafanya nini. Ukurasa wa pili kanuni tano, zisizidi hapo. Kuanzia wa tatu ni kumbukumbu za mikutano: tarehe, waliohudhuria, kilichofanyika, kitakachofanyika wiki ijayo na nani atakifanya. Kurasa ishirini za nyuma zitengwe kwa mapato na matumizi.

Kumbukumbu isizidi nusu ukurasa. Katibu anayetakiwa kuandika kurasa mbili ataacha baada ya wiki ya tatu. Nusu ukurasa kila wiki kwa mwaka mzima ni historia ambayo shule nyingi hazina.

Kisha chagua watu watatu, kila mmoja kutoka kidato tofauti: mwenyekiti kidato cha tatu, katibu kidato cha pili, mtunza vifaa kidato cha kwanza. Mwenyekiti akimaliza kidato cha nne, wawili watakuwa bado shuleni. Hakikisha mmoja wao walau ni msichana, na asipewe kazi ya kufagia na kuchota maji tu. Daftari likae ofisini kwa makamu mkuu wa shule, lisikae nyumbani kwako wala kwenye begi la katibu. Mtafute pia mwalimu msaidizi, ikiwezekana mwenyeji wa wilaya hii, maana yeye huenda akabaki miaka mingi kuliko wewe.

4. Klabu ya mazingira: anzeni na maji na udongo wa hapa

Kila klabu ya mazingira huanza kwa kupanda miti, na miti mingi hufa kwa sababu ya kalenda. Mvua zetu hushika karibu na mwisho wa mwaka, wakati shule zinafungwa. Anayeandaa miche ikomae Desemba huiacha bila mtu wa kuimwagilia. Pangeni hivi: kitalu kianze Agosti au Septemba, mlinzi wa shule na wanafunzi wanaoishi jirani wapangiwe zamu za likizo kwa majina, na upandaji ufanyike Januari na Februari shule zikifunguliwa na udongo ungali na maji. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza apewe mti mmoja wenye kibao cha jina lake, autunze hadi amalize kidato cha nne. Mgrevilea hukua haraka na hukubali mazao kando yake. Karibu na chemchemi usipande mikaratusi kwa kuwa inakunywa maji mengi. Uliza wazee ni miti gani ya asili ilikuwapo hapo zamani, mkuyu kwa mfano, urudishe hiyo.

Wazee hao ndio maktaba yako. Wairaqw wa Kainam na milima inayoizunguka wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi kwa kutumia samadi, matuta na mgawanyo mzuri wa malisho na mashamba. Chukua wanachama kumi, mwombe mzee mmoja awapeleke shambani kwake, katibu aandike anayoyaeleza. Siku moja ya namna hiyo inafundisha hifadhi ya udongo zaidi kuliko vipindi vitatu vya jiografia ubaoni.

Kwa shule za Hanang kuna jambo zito zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi mjini Katesh na katika maeneo ya Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Katika darasa lako wanaweza kuwamo watoto waliozika ndugu zao. Usimwombe mwanafunzi asimulie mbele ya wenzake ili somo lako linoge. Anayetaka kusema atasema, na mwalimu wa malezi awe karibu.

Wala usiwaambie kwamba miche yao ingezuia mlima usimeguke; ni uongo, na watoto walioona mawe yale yakishuka wataujua. Wape kazi ya kweli. Chora nao ramani ya njia za maji kutoka mlimani hadi shuleni: korongo liko wapi, daraja liko wapi, nyumba zipi ziko kwenye mkondo, na sehemu ya juu iliyo salama ni ipi. Ibandike kwenye ubao wa matangazo, na nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji.

Kisha tengenezeni kipimo cha mvua. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Ikate pale inapoanza kusinyaa, geuza kichwa chake kiwe faneli, kipachike juu ya kipande cha chini. Weka kokoto kitakoni, mimina maji kidogo hadi yazifunike na kufikia sehemu iliyonyooka, piga mstari hapo. Huo ndio sifuri. Bandika rula ya plastiki sifuri yake ikiwa kwenye mstari. Ifunge kwenye nguzo mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Kila siku saa tatu asubuhi mwanachama wa zamu asome milimita, aandike kwenye daftari, amwage, arudishe maji hadi mstari wa sifuri. Kazi yote ni dakika tano. Baada ya miaka mitatu shule itakuwa na takwimu za mvua za mahali pake penyewe, na mwalimu wa hisabati atakuja kuziomba.

Mkitaka kupanda Mlima Hanang wenyewe, kilele chake kinazidi mita 3,400 na msitu wake umehifadhiwa chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ombeni kibali, nendeni na mwongozaji, na msiende msimu wa mvua.

5. Mdahalo: mpe mtoto lugha ya kufikiria

Wilaya zetu zina utajiri usiopatikana kwingine. Katika eneo hili na jirani zake hukutana lugha za asili tofauti kabisa: Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha jamii ya Kiniloti, lugha za Kibantu kama Kinyaturu na Kinyiramba, na Kihadza ambacho hakina ndugu anayejulikana kwa hakika. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayesimama kuzungumza Kiingereza kwenye mdahalo huenda anatumia lugha yake ya tatu. Akikwama, si kwamba hana hoja.

Niliona hilo wazi katika mdahalo mmoja wa kidato cha pili. Mada ilikuwa "Ng'ombe ni akiba salama kuliko benki", na kanuni ilikuwa Kiingereza tu. Kijana mmoja wa familia ya wafugaji alisimama, akasema sentensi moja na nusu, akakaa huku wenzake wakicheka. Wiki iliyofuata tulirudia mada ileile kwa Kiswahili. Akasimama tena. Akaeleza kwamba baba yake hawaweki ng'ombe wote zizini kwake: wengine wako kwa rafiki Basotu, wengine kwa shemeji ng'ambo ya ziwa. Ugonjwa ukiingia boma moja, mengine hubaki. Aliyepewa ng'ombe hunywa maziwa, mwenye mali hubaki na ndama, na wawili hao huwa na sababu ya kusaidiana. "Benki ya baba ina matawi," alisema, na hakuna aliyecheka. Msichana wa upande wa pili akamjibu vizuri kwamba ukame hauchagui boma, na kwamba mama hana jina kwenye matawi hayo. Ulikuwa mdahalo bora kuliko yote niliyosimamia.

Kwa hiyo badilisheni: wiki moja Kiswahili, wiki inayofuata mada ileile kwa Kiingereza. Hoja zikiwa tayari kichwani, kazi inayobaki ni kutafuta maneno, na hapo Kiingereza hukua haraka. Faini ya kuzungumza lugha ya nyumbani haisaidii mdahalo; iache.

Utaratibu wa dakika 60 uwe hivi. Dakika 5 za kusoma kumbukumbu na kutangaza mada. Wasemaji watatu wa upande unaounga mkono na watatu wa upande unaopinga, dakika 4 kila mmoja. Dakika 15 za wasikilizaji, kila mmoja dakika moja, na mwenyekiti aanze na waliokaa nyuma. Dakika 3 kwa kila upande kuhitimisha. Zinazobaki ni za mwalimu kusahihisha mambo mawili tu na kutangaza mada ijayo. Mtunza muda awe na kengele na aitumie bila upendeleo, hata kwa kaka mkuu.

Mada zichukuliwe hapa: kama mtoto wa mfugaji akae bweni, kama kijiji kiuze vitunguu saumu kwa ushirika au kila mtu kivyake, kama shamba la malisho ligeuzwe la ngano. Hili la mwisho lina historia ndefu Hanang, ambako mashamba makubwa ya ngano yaliyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada yalichukua malisho ya Wabarbaig, na kesi zikafika mahakamani. Wape wanafunzi nafasi ya kuzisikia pande zote.

Klabu hii inaweza kubeba utamaduni pia. Siku moja kwa muhula, mwalikeni mzee aongoze slufay, ile dua ya kishairi ya Wairaqw ambayo mmoja husema na waliohudhuria huitikia. Muhula mwingine iwe zamu ya Wadatoga, mwingine Wahadzabe. Na wekeni kanuni moja: kila jamii iitwe jina inalojiita. Jina la "Mang'ati" lilitoka kwa majirani na asili yake ni neno la Kimaasai la kumwita adui; "Watindiga" nalo ni jina Wahadzabe walilopewa na wengine. Mtoto asiitwe adui kwenye klabu yako.

6. Riadha: mzigo wa miguu uhesabiwe

Hakuna klabu yenye mizizi hapa kuliko hii. John Stephen Akhwari wa Mbulu anakumbukwa duniani kwa marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, alipoumia goti, akaendelea, akaingia uwanjani giza limetanda akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Walioanza walikuwa 75. Wasimulie wanafunzi hadithi hiyo, lakini usiishie hapo. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, mtu huyohuyo alimaliza wa tano. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyepata ajali, na watoto wanahitaji kuzijua sura zote mbili.

Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, na mita 10,000 mwaka 1982 huko Brisbane. Mbio zake zilimfikisha Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso. Gabriel Geay wa Mbulu alikimbia marathoni ya Valencia mwaka 2022 kwa saa 2 na dakika 3 kamili, na mwaka 2023 akawa wa pili Boston. Bandika majina haya ukutani pamoja na muda wao.

Sasa mazoezi. Mwanafunzi anayetembea kilomita kumi kwa siku tayari amefanya kazi ya miguu. Ukimwongezea mbio ndefu kila siku utamvunja. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Siku ya kwanza: dakika 10 za kukimbia taratibu, viungo, kisha mita 200 mara sita, akitembea katikati hadi pumzi irudi. Siku ya pili: dakika 30 za mwendo ambao bado anaweza kuongea na mwenzake. Pima uwanja wenu kwa kamba ya mita 50 ili mjue mzunguko mmoja ni mita ngapi. Bila hilo huwezi kujua kama mtoto ameongeza kasi. Okoteni miiba na vioo kabla ya kila zoezi, kwa kuwa wengi watakimbia pekupeku. Aliyekosa makande ya mchana asikimbie siku hiyo. Na kwenye baridi ya Julai ya Mbulu, sweta zivaliwe mara tu zoezi likiisha.

Mwanachama mmoja awe karani wa muda. Kila mwezi wote wapimwe mita 1,500, na muda wa kila mmoja uandikwe daftarini, wa kwanza hadi wa mwisho. Mashindano ya UMISSETA huanzia shuleni, hupanda wilayani, mkoani hadi taifa, na mwalimu anayekwenda kuchagua timu akiwa na daftari la miezi sita hachagui kwa kukisia. Anayebaki nyumbani naye ana kitu: anajua amepunguza sekunde ngapi.

7. Klabu inayomlinda msichana

Hapa nasema bila kuzunguka. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Manyara asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Kwa baadhi ya wasichana hatari huja likizo ndefu ya Desemba.

Klabu ya Fema, Girl Guides au yoyote ile inaweza kufanya mambo matatu. Kwanza, kikao cha mwisho kabla ya kufunga shule kiwe cha kuambiana nani yuko salama na nani ana wasiwasi, wasichana peke yao na mwalimu wa kike. Pili, kila mwanachama ajue kwa kichwa namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo hupigwa bure, na ajue lilipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Tatu, wavulana wafundishwe nao, kwa sababu ndio kaka na waume wa kesho. Mtoto akikueleza jambo, usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Mwambie utamshirikisha nani, kisha uende kwa mkuu wa shule na ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Na msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi darasani tangu uamuzi wa Serikali wa mwaka 2021. Klabu iwe mahali pa kwanza atakapoitwa kwa jina lake na kupewa kiti.

8. Fedha na ruhusa

Usidai mchango wa lazima kwa mwanachama. Elimu bila ada ina taratibu zake, na mchango wowote lazima upitie kwa mkuu wa shule na kibali kinachotakiwa. Klabu ijitafutie: kuuza miche, tuta la vitunguu saumu, kuku wa kienyeji kumi. Fedha ipokelewe na wanafunzi wawili pamoja, iandikwe siku hiyo, ikabidhiwe ofisini kwa stakabadhi. Mwisho wa kila muhula mmoja wao asome hesabu mstarini, mbele ya shule nzima. Mtoto aliyewahi kusoma hesabu hadharani akiwa na miaka kumi na sita hatashindwa kuuliza hesabu za kijiji akiwa mtu mzima.

Safari yoyote nje ya eneo la shule iwe na barua ya wazazi, orodha ya majina nakala mbili, na mwalimu wa kike kama kuna wasichana.

9. Siku ya kukabidhi

Wekeni siku moja mwisho wa Julai iandikwe kwenye kalenda ya shule. Katibu anayeondoka asimame mstarini, afungue daftari, asome kumbukumbu ya mkutano wa kwanza na ya mkutano wa mwisho wa mwaka wake. Kisha amkabidhi katibu mpya daftari na kalamu, na huyo mpya aandike hapohapo tarehe ya mkutano ujao na jina la atakayeuongoza.

Wewe mwalimu simama pembeni siku hiyo, usiseme neno. Kama mkutano ulioandikwa utafanyika Jumatano inayofuata bila wewe kuukumbusha, barua ya uhamisho inaweza kuja wakati wowote.